Mtu Aliyegawa Figo Zake kwa Mdomo

Figo ya kwanza alimpa fundi wa pikipiki. Ya pili alimpa mama anayeuza makaa pale kwenye kona. Ya tatu, maana hakuishia hapo, alimpa padri mgeni aliyekuwa amesimama tu akikinga mvua. Moyo wake alikuwa ameuweka akiba kwa ajili ya "mgonjwa atakayestahili", na mimi, kwa kuwa navaa miwani, aliniahidi macho.

Tulimwita Préfet. Aliwahi kuongoza shule ya sekondari na kufundisha humo biolojia, na kwetu Butembo cheo hicho hakivuliwi mtu anapostaafu. Anakunywa nacho chai, anagombana nacho na majirani, na nadhani anazikwa nacho. Kila alasiri alikuja mtaa wa Bulengera, kwenye duka la Masika, dada yake mdogo wa tumbo moja, aliyeuza daftari, kalamu na sare za shule. Mimi nilikuwa nikifanya kazi hapo kwenye mashine ya fotokopi. Mbele ya duka kulikuwa na benchi ambalo waendesha pikipiki, motari kama tunavyowaita, walikalia wakisubiri abiria. Benchi hilo ndilo lilikuwa darasa lake. Wanafunzi hawakuwa na pa kukimbilia, maana wateja walikuwa wachache.

Somo lilikuwa moja tu: kupandikiza viungo. Sijui lilimwingiaje. Wengine wakistaafu wanaingiwa na siasa, wengine na pombe ya kasiksi, yeye aliingiwa na maini na mapafu ya watu. Alisoma habari zake kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, akiisogeza karibu na pua, kisha akaziachia benchi zima kama mtu anayemwaga maji ya kuoshea vyombo.

"Zamani," alisema siku moja, "moyo wa maiti walikuwa wanautia ku glace, ku barafu, sawa samaki. Leo? Wanautia mu kisanduku, iko na mashini, iko na damu ya moto. Moyo unapiga peke yake mule ndani, bila mutu! Munasikia? Bila mutu!"

"Préfet," akauliza motari mmoja, "na huo moyo, saa iko mule peke yake, unapenda nani?"

"Mujinga."

"Nauliza tu. Juu kama ulikuwa moyo wa bwana ya mutu, na wanautia mu mwengine, bibi atafwata nani?"

Benchi likaanguka kwa kicheko. Préfet akangoja kiishe, kwa uvumilivu wa mtu aliyezoea madarasa ya wanafunzi sitini, kisha akaendelea na ini.

Nakiri kwamba nilikuwa nikimkagua. Mimi sikufika chuo kikuu; nilichonacho nimejifundisha mwenyewe kwenye simu, kwa mégas za intaneti za bei ya chini, na mtu aliyejifundisha mwenyewe huishi kwa hofu kwamba kuna ukurasa aliouruka. Jioni nilitafuta kila alichosema. Nilitaka sana awe amekosea. Mara nyingi hakuwa amekosea, na hilo liliniudhi kuliko makosa. Kweli wapo waliopandikiziwa mikono. Kweli uko uso wa marehemu uliowekwa juu ya fuvu la mtu aliye hai, naye akajifunza kutabasamu nao. Kweli wapo wanaojaribu kuotesha nyama ya figo kutoka katika chembe za mgonjwa mwenyewe, ili mwili wake usiikatae.

"Siku hiyo ikifika," Préfet alikuwa akisema, kidole juu, "hakuna mutu atapigia mwengine magoti. Figo yako, mbegu yako, shamba yako. Kuomba kutakwisha."

Nilimnasa mara moja tu, kwenye yale macho. Nilisoma kwamba kinachopandikizwa si jicho zima bali konea, kile kioo cha mbele, na kwamba changu ni kizima; kasoro yangu iko katika umbo la jicho lenyewe, kwa hiyo zawadi yake isingenifaa kitu. Nilihangaika sana kutafuta namna ya kumwambia. Niliandika sentensi, nikaifuta, nikaiandika upya kwa heshima zaidi. Nilipoisema hatimaye, alinitazama juu ya miwani yake.

"Mademoiselle," akasema, "mutu akikupa mbuzi, unamwambia iko na rangi mubaya?"

Basi nikabaki na macho yake.

Ila mtu huyu aliyekuwa tayari kukupa ini hakuwa tayari kukuazima mwavuli. Butembo mvua haina adabu, inakuja jua likiwaka, na mwavuli wake mweusi ulikuwa mkubwa wa kutosha familia. Nilimwona akimwacha jirani yake chini ya ukingo wa paa, mama wa watu mwenye mtoto mgongoni, naye akaenda zake mkavu chini ya kivuli cha watu watano. Motari walipomsuta alijibu bila haya:

"Ini likikatwa linaota tena. Mwavuli unaota?"

Kisayansi, hakuna aliyeweza kumjibu.

Na aliogopa sindano. Hili hakulisema, lakini lilijulikana. Wauguzi walipopita mtaani na chanjo, alisimama mbele yao akiwafundisha mishipa ya mkono, jina kwa jina, kwa Kifaransa, mpaka chanjo zikarudishwa ndani ya sanduku la baridi na wauguzi wakaondoka wakimshukuru. Kinyozi wake aliniambia kwamba wembe ukikaribia sikio Préfet hufumba macho na kunyamaza, na kwamba hizo ndizo dakika pekee za kimya alizowahi kupata kutoka kwake.

Kejeli zake kali zaidi aliziweka kwa ajili ya watu wa ukoo wake, hasa baba yake mdogo, mzee aliyekuwa mkubwa wa familia. Wakati wa ule ugonjwa mkubwa wa kuambukiza, watu walipokuwa wakizikwa na wageni waliovaa plastiki kuanzia kichwani hadi miguuni, mzee huyu alizuia jeneza la mpwa wake lisishuke mpaka lifunguliwe, ahakikishe hakuna kilichoibwa ndani ya maiti. Préfet aliisimulia hadithi hiyo benchini kama kichekesho.

"Alitaka kuhesabu figo! Na kama wangeiba, wangeifanyia nini? Figo hapana mandazi, ya kutia mu mufuko na kwenda kuuza Beni! Inataka mashini, inataka saa, inataka mutu wa kuipokea. Ujinga, ujinga, ujinga."

Nilicheka na wengine. Baadaye niliwaza kwamba mzee yule alikuwa amezuiwa kumgusa mtu wake, na hakuna aliyemweleza kwa nini, na kwamba labda Préfet angeweza kumweleza badala ya kumcheka. Lakini niliwaza hivyo nyumbani, peke yangu, mahali ninapowaza vizuri.

Kisha miguu ya Masika ikaanza kuvimba.

Alisema ni kusimama sana. Akabadilisha viatu, akaacha chumvi, akaendelea kuuza. Alikuwa mwanamke wa maneno machache na makali, aliyeweza kumrudisha mteja mlangoni kwa kulitazama tu daftari alilolishika bila kunawa. Siku aliyorudi kutoka hospitali aliketi nyuma ya kaunta, kitu ambacho hakuwahi kukifanya, akatuambia mimi na kaka yake, pasipo kulia: figo zote mbili zinaisha. Ataenda Kampala kwenye mashine ya kusafisha damu. Mashine haiponyi, inasogeza siku. Daktari amesema kinachoponya ni figo ya mtu, na ya ndugu wa tumbo moja ndiyo ya kwanza kutafutwa. Watoto wake wadogo, mume ana sukari. Ndugu wa tumbo moja aliyebaki alikuwa mmoja.

Préfet alisimama. Alisema jambo kuhusu maendeleo makubwa ya dawa zinazozuia mwili kukataa kiungo. Kisha akakumbuka kwamba ana shamba la kakao Kamango, na kwamba kakao isipoanikwa na mwenyewe inaoza.

Alianika kakao ile mpaka nadhani ikageuka mkaa. Masika alikwenda Kampala, akarudi, akaenda tena, kwa barabara ya mpaka wa Kasindi, akisubiri msafara wa magari pale njia ilipokuwa si salama. Rafu za duka zilianza kubaki tupu moja baada ya nyingine, maana mashine ile ilikula sare, kisha daftari, kisha kalamu. Kutoka Kamango Préfet alituma habari kwenye simu yangu, nimsomee Masika. Zote zilikuwa za nguruwe.

Aliporudi hatimaye, alifikia moja kwa moja kwenye nguruwe hao.

"Masika, ngoja kidogo. Science iko natembea mbio. Sasa wanatwaa nguruwe, wanamubadilisha mbegu za mwili, figo yake wanaitia mu mutu, na mutu anarudia kwake na miguu yake."

"Nguruwe?" Kanisa la Masika halili nguruwe.

"Hautamukula! Atakaa tu mule ndani, akufanyie mikojo."

"Na pasteur akinitilia mikono, atakuwa anabariki nani? Mimi ao yeye?"

Motari walicheka mpaka mmoja akaegemea pikipiki ikaanguka. Masika naye alicheka, mkono kwenye ubavu. Mimi nilikuwa nimesoma, nikajua Préfet ameruka nusu ya habari: kwamba baadhi ya figo hizo ziliondolewa tena baada ya wiki au miezi, kwamba madaktari wenyewe bado wanajifunza, na kwamba wanaozipata ni wachache mno, katika nchi ambazo sisi hata visa hatupati. Nilitafuta namna ya kulisema. Masika hakungoja nimalize kutafuta.

"Yaya," akamwambia kaka yake, "nguruwe iko mbali. Wewe uko hapa."

Préfet akatazama simu yake, ingawa haikuwa imelia.

"Hiyo hapana jambo ya mutu mumoja," akasema. "Mwili ni wa famille. Lazima conseil ya bazee ikae."

Hapo nilitamani kupiga kelele. Mtu aliyegawa viungo vyake kwa padri wa kupita, bila kumwuliza hata shangazi, leo mwili wake umekuwa wa ukoo! Na nilielewa hesabu yake. Aliwajua wazee wake. Alikuwa amewacheka miaka yote kwa sababu aliwajua. Mwenye kikao angekuwa mzee yule wa jeneza, na mzee wa jeneza angekataa, na Préfet angetoka amesikitika sana, mikono mitupu, huku akilaani ujinga.

Walikaa uani kwa Masika, Jumapili baada ya misa na ibada, Wakatoliki upande huu na Waprotestanti upande ule kama ilivyo katika familia nyingi za kwetu. Mimi niliitwa kuchemsha chai, nikasikia yote. Préfet aliieleza hatari kwanza. Aliieleza vizuri mno. Alichora tumbo hewani, akapitisha kisu cha hewa ubavuni, akataja damu, usaha, na mtoaji mmoja wa nchi ya mbali ambaye hakuamka. Hakusema kwamba wengi huamka na kurudi kazini. Alipomaliza aliinamisha kichwa.

"Mimi niko tayari," akasema. "Lakini nasikiliza bazee wangu."

Mzee wa jeneza alimtafuna kwa macho.

"Siku ile ya jeneza ulinicheka," akasema. "Hapana kataa, maneno yanatembea. Mimi nilikuwa naogopa wameiba. Kuiba ni kuiba. Lakini huyu mutoto iko naomba. Amekuja mbele yetu, mu mwangaza, na kinywa chake. Mutu anayeomba hapana mwizi. Mupe."

"Baba mudogo, fikiri vizuri. Desturi yetu..."

"Desturi gani? Mulilala tumbo moja. Mulinyonya ziwa moja. Mupe dada yako kitu anaomba."

Shangazi mmoja akapiga kigelegele, kabla ya wakati kidogo. Préfet alikuwa amekauka. Mzee akaongeza kwamba kwa kuwa damu itamwagika, Masika atampa kaka yake mbuzi, ili asiseme alichukuliwa bure.

"Hapana!" Préfet akaruka kama aliyeona mlango. "Mbuzi ni superstition! Mimi mutu wa science siwezi kutolewa figo na mbuzi katikati! Kama ni hivyo, basi, tuache."

"Hauitaki?" mzee akauliza. "Sawa. Tutamukula sisi."

Wakaondoka wote wawili, kaka na dada, kwenda Kampala kwa vipimo. Motari waliwasindikiza kwa honi hadi nje ya mji, kwa bidii ambayo Préfet, nadhani, hakuifurahia.

Damu ilifanana. Kila kitu kilifanana. Kisha wakampitisha kwenye picha ya tumbo, na mpiga picha akatafuta, akamgeuza ubavu, akatafuta tena, akamwita mwenzake. Préfet alikuwa na figo moja. Alizaliwa hivyo. Ilikuwa kubwa na nzima, imefanya kazi ya mbili maisha yake yote bila kulalamika, na hakuna daktari duniani ambaye angeitoa.

Aliporudi Butembo na habari hiyo, hakuna aliyemwamini. Mitaa mizima iliyomeza habari za moyo unaopiga kisandukuni na nguruwe wa kukojoza watu ilikataa kumeza hii. Alileta picha yenyewe benchini, akaiinua kuelekea jua, akaonyesha upande uliojaa na upande mtupu. Motari mmoja aliichukua, akaigeuza juu chini, akaitazama kwa makini.

"Naona ziwa, Lac Édouard," akasema. "Figo yako iko ngambo ya Uganda?"

Wakamwita Figo-Moja. Fundi wa pikipiki alidai iliyobaki ni yake, maana aliahidiwa wa kwanza. Mimi niliamini, kwa sababu nilikuwa nimesoma kwamba watu wa namna hiyo wapo na wengi hawajijui mpaka siku ya kupimwa, na nilijaribu kuwaeleza wale wa benchi, taratibu, kwa mpangilio mzuri. Walinisikiliza kama walivyomsikiliza yeye. Ilikuwa kama wanatuweka darasa moja.

Aliyeamini papo hapo alikuwa mzee wa jeneza. Alimwambia Masika: chukueni yangu. Madaktari wa Kampala walimshukuru sana kwenye simu, wakamweleza kwa adabu kwamba figo yake ina umri wake. Jamaa wengine watatu walipimwa, damu ikakataa. Duka likafungwa. Masika aliishi kwa mashine mwaka huo na sehemu ya mwingine, kisha mwili ukachoka, wakamrudisha kwa barabara ile ile ya Kasindi. Kwenye mazishi Préfet aliombwa aseme neno. Akasimama, akafungua kinywa, akaketi.

Baada ya hapo alihamia Beni. Sikumwona kwa muda mrefu, na nakiri sikumtafuta.

Juzi nilikwenda Mavivi, uwanja wa ndege wa Beni, kupokea mzigo wa vifaa vya mashine yangu, ambao ulikuja na ndege kutoka Goma. Ndege ilichelewa. Niliingia kibanda cha chai ng'ambo ya uwanja, na huyo hapo, kwenye kona, na kikombe kilichopoa. Nilimwamkia. Alinionyesha kiti.

Nilingoja anifundishe kitu. Hakunifundisha. Aliuliza habari za Bulengera, nani ameoa, nani amehama. Simu ilikuwa juu ya meza, kifudifudi. Kimya kilinitia wasiwasi, na mimi nikiwa na wasiwasi husema jambo ambalo nimelizuia muda mrefu. Nilimwambia kwamba mimi nilimwamini, ile siku ya picha.

"Najua," akasema. "Ulitetea vizuri. Lakini wale ba motari walikuwa na haki yao."

"Haki gani? Figo ilikuwa moja kweli."

"Kweli moja. Lakini siku daktari aliniambia haiwezekani, mimi nilifurahi." Alilitamka neno hilo kwa makini, kama anayetaja mfupa. "Nilifurahi sana, Mademoiselle. Sawa mutu risasi imemupita."

Nikauliza kama Masika alijua.

"Nilimwambia mwenyewe. Alikuwa ku mashini, karibu na mwisho. Nilisema, Masika, sitaki uende na uongo wangu. Akacheka mpaka infirmière wa ku mashini akakuja kuangalia. Akasema: 'Yaya, nilikuona mu couloir ya hopitali, saa unatoka kwa daktari. Ulikuwa unatembea mwepesi, sawa batoto wanatoka ku masomo. Ni ku mwendo wako nilijua ni hapana. Daktari alipokuja kuniambia, nilikuwa nimekwisha kulia.'"

Ndege ilisikika ikishuka. Watu wa mizigo wakaanza kuinuka.

"Wewe unasoma sana," Préfet akasema. "Hiyo maneno ya Masika ilikuwa ya kunisamehe, ao ya kunipiga?"

Nilijitahidi. Nilikuwa na jibu moja, nikaliona si kweli tupu. Nikashika la pili, likawa zuri mno kupita kiasi. Bado nilikuwa nikilitafuta pale alipokunja koti lake, akaniaga kwa heshima, kama mtu aliyezoea wanafunzi wasiojibu, akatoka kwenda barabarani.

Sikumtazama akitembea. Nilitazama kikombe changu mpaka nikawa na hakika amefika mbali.